Mkondo wa Umeme na Vitenzi Vyake

Kila yanapozuka mabishano juu ya uwezo wa Kiswahili wa kufundishia elimu ya sayansi, hesabu ifanywayo ni ya majina. Mmoja huuliza kama lugha ina jina la kitu fulani, mwingine humjibu kwa orodha ya istilahi, na mabishano hukoma hapo, kana kwamba elimu ni ghala na kazi ya lugha ni kubandika majina juu ya makasha. Katika habari za umeme hesabu hiyo imekwisha zamani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na leo mwalimu atakaye kusema juu ya mkondo, ukinzani, chaji, nishati, uga au umemetuli hana sababu ya kunyamaza kwa kukosa majina.

Jambo ninalotaka kulitahakiki halimo katika orodha hizo. Ni vitenzi. Jina likisimama peke yake halisemi kweli wala uongo; huanza kusema linapopewa kitenzi. Na vitenzi tunavyouvika umeme vimetoka jikoni, dukani na bombani: umeme unakuja, unaingia, unaliwa, unakwisha, unakatika, unarudi. Kwa mazungumzo ya kila siku vyafaa, na hapana mwenye akili atakayetaka kuvipiga marufuku. Lakini mwanafunzi wa shule ya serikali katika Tanzania husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha katika sekondari hupewa fizikia kwa Kiingereza. Huvuka na vitenzi hivyo kifuani, akajifunza kanuni za lugha ya pili juu ya picha aliyokuja nayo, wala hapana amwulizaye tena picha hiyo ikoje. Aweza kukokotoa ampea za saketi bila kosa, na papo hapo akaamini kwamba taa hula sehemu ya mkondo na kuuacha uliobaki uende zake.

Tuanze na jina lenyewe. Kabla ya waya kufika pwani, umeme ulikuwa ule umulikao mawinguni kabla ya ngurumo: hupiga, huangaza, huisha. Wazungu walilitoa jina lao katika kaharabu, ambayo Wayunani waliiita elektron. Na Waarabu nao husema kahrabaa, neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya mnyakuzi wa majani makavu, kwa kuwa kaharabu ikisuguliwa huvuta makapi. Wakenya wengi husema stima, jina lililoshuka kutoka katika mitambo ya mvuke. Sina ugomvi na hata moja la majina haya. Ila yafaa kuangalia kwamba umeme wa mawingu na kaharabu iliyosuguliwa vina upungufu wa namna moja: chaji hukusanyika, kisha huruka mara moja, mambo yakaisha. Hata chupa za Leyden za miaka ya 1740 zilifanya hivyo tu. Mkondo uendao bila kukoma ulipatikana mwaka 1800, Alessandro Volta wa Italia alipoiandikia Royal Society ya London habari za rundo lake la visahani vya fedha na zinki, vilivyotengwa kwa vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Kitu hicho kipya kilikuwa kinyume cha umeme wa mawingu, nacho kwetu kimeitwa umeme.

Hali hiyo mpya yataka sifa yake. Husikika hali tulivu, mkondo wa kudumu, mkondo wa moja kwa moja na mkondo thabiti, yote yakitumiwa kama kwamba ni jambo moja. Tulivu halifai: maji matulivu hayaendi, na shina lake tumekwisha kulitumia katika umemetuli. Kudumu kwataja urefu wa wakati tu. Homa yaweza kudumu siku saba huku ikipanda na kushuka. Moja kwa moja ni habari ya upande wa mwendo, si ya kadiri yake. Mkondo wa bahari uendao kaskazini kando ya pwani ya Tanzania hushika upande huo mwaka mzima, lakini nguvu zake huzidi wakati wa kusi na kupungua wakati wa kaskazi. Huo ni mkondo wa upande mmoja, walakini si thabiti. Thabiti ndilo neno lifaalo: chaji zinakwenda, lakini mtu akisimama mahali popote pa saketi na kuhesabu zipitazo kwa sekunde, hupata hesabu ile ile, sasa na baadaye, hapa na pale.

Maneno haya mawili ya mwisho, hapa na pale, ndiyo yanayopingana na kitenzi kilichoenea kuliko vyote, nacho ni kula. Pasi inakula umeme. Jokofu bovu linakula umeme. Twasema hivyo kwa sababu umeme na maji ya bomba vimekuja nyumbani kama ndugu, na hukatika kama ndugu. Maji hunywewa, hupikiwa, humwagwa, hayarudi kwa mwenyewe. Kumbe mkondo haufanani na maji hayo. Ukiweka kipimo cha ampea kabla ya taa, na kingine baada yake, vitasoma sawa. Taa haikupunguza mkondo hata kidogo. Kilichotoka katika saketi pale kwenye taa ni nishati, nayo imegeuka joto na nuru. Hicho ndicho kinachouzwa. Mita ya LUKU haihesabu chaji wala mkondo; uniti moja yake ni kilowati-saa moja, yaani joule 3,600,000, na taa ya wati 10 yaweza kuwaka saa 100 kwa uniti hiyo moja. Anayesema uniti zimekwisha amesema sawasawa. Anayesema umeme umekwisha amesema neno ambalo jirani yake atalielewa na mwanafizikia hatalielewa.

Wengine watasema kwamba hii ni ukali wa wasomi, na kwamba kula ni tamathali tu. Ingekuwa hivyo kama tamathali hiyo isingeshuka mpaka mikononi. Mafundi hutaja waya wa moto na waya wa nyutro. Mtu aliyefunzwa kwamba taa hula umeme atadhani nyutro ni njia ya makombo: kilichopita kwenye taa kimekwisha liwa, basi waya utokao huko hauna kitu. Kweli ni kwamba nyaya zote mbili zina mkondo ule ule. Nyutro haimpigi mtu kwa kawaida kwa sababu imefungwa ardhini huko kwenye transfoma, na kwa hiyo volteji kati yake na ardhi ni ndogo. Sasa nyutro hiyo ikatike njiani, na swichi iwe imewashwa. Taa itazima. Hakuna mkondo, hakuna nishati igeukayo, hakuna kinacholiwa. Lakini ncha ya waya uliokatika, upande wa taa, itakuwa na volti 230 kamili, na atakayeishika amesimama juu ya ardhi yenye unyevu ataikamilisha saketi kwa mwili wake. Kitenzi kula kimemwambia kwamba pale hapana kitu.

Lakini jina mkondo nalo halina budi kupimwa, maana wako wanaolifasiri kwa mto na wako wanaolifasiri kwa bahari. Mto una chanzo na mwisho. Rufiji ikishaingia baharini hairudi milimani kwa ukingo wa pili. Anayefikiri mto atadhani kwamba betri ni chemchemi ya chaji, waya ni mfereji mkavu ungojao kujazwa, na taa ni bahari ambamo chaji huishia. Mambo hayako hivyo hata kidogo. Waya wa shaba umejaa elektroni huru kabla ya kufungwa mahali popote, zipatazo 85,000,000,000,000,000,000 katika kila milimita moja ya ujazo. Betri haizizai, huzisukuma tu, na zitokazo upande mmoja hulipwa na ziingiazo upande wa pili. Bahari ndiyo mfano ulio karibu zaidi, kwa kuwa mkondo wa bahari ni mwendo wa maji ndani ya maji yaliyokwisha kujaa. Mabaharia walijua hayo bila saketi. Mwalimu akitaka mfano wa nchi kavu, mnyororo wa baiskeli wafaa: haukuwa mtupu kabla ya kukanyaga pedali, pingili zake hazizaliwi mbele wala hazifi nyuma, na nguvu ya mguu hufika gurudumuni papo hapo ingawa kila pingili inakwenda polepole.

Asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya Kiswahili peke yake. Michael Faraday, katika uchunguzi wake wa mwaka 1838, alionya juu ya neno la Kiingereza lenye maana hii hii ya mkondo: kwamba nguvu zake katika lugha ya kawaida ni nyingi mno, hata ni shida kulivua maana yake ya zamani, nalo huipotosha akili kabla haijachunguza. Ndiye yeye aliyetunga mwaka 1834, kwa msaada wa William Whewell, maneno anodi, kathodi na ioni kutoka Kiyunani, ili apate majina yasiyofungamana na dhana yoyote juu ya mwendo wa umeme. Ioni limeenea dunia nzima. Lakini neno la mkondo hakuliondoa, na vitenzi vyake hakuvigusa.

Nije kwenye mahali ambapo lugha ya vitabu vyetu, na ya vitabu vya wengine vile vile, ina upungufu mkubwa zaidi. Vitabu huigawa elimu hii sura mbili. Sura ya kwanza ni umemetuli: kitana kilichosuguliwa, vipande vya karatasi, chaji zilizokaa. Sura ya pili ni umeme wa mkondo: betri, nyaya, taa, chaji zinazokwenda. Mwanafunzi akigeuza ukurasa huona kwamba ya kwanza imekwisha na haihitajiwi tena. Akiuliza ni nini kinachozisukuma elektroni zilizo katikati ya waya mrefu, mbali na betri, hujibiwa kwa jina: volteji. Akiuliza elektroni zajuaje kwamba mbele kuna taa, hata zikaenda kwa kadiri iifaayo taa hiyo, hajibiwi.

Jibu limo katika sura ya kwanza. Chukua betri, waya wa shaba na taa ya tochi. Zinapounganishwa, kwa muda mfupi mno, chaji chache hulundikana juu ya uso wa waya: hasi nyingi karibu na ncha hasi ya betri, kisha zikipungua kidogo kidogo kadiri waya unavyokwenda mbali, mpaka kufikia chanya karibu na ncha chanya. Mteremko huo wa chaji za usoni ndio unaozaa uga wa umeme ndani ya waya, na uga huo ndio unaozisukuma elektroni kila mahali. Penye uzi mwembamba wa taa, elektroni zifikazo mwanzoni huwa nyingi kuliko zipitazo. Zinazozidi hulundikana. Lundo likikua huwazuia wajao na kuwasukuma waendao, na huendelea kukua mpaka waingiao na watokao walingane. Likifika hapo halikui tena. Huo ndio uthabiti. Haukuwekwa na sheria iliyotoka nje. Umejirekebisha wenyewe, na mkondo ni sawa kabla ya taa na baada yake kwa sababu hiyo tu, kwamba kama usingekuwa sawa lundo lingebadilika mpaka uwe sawa. Hapana elektroni ijuayo kilicho mbele. Kila moja hutii uga uliopo mahali ilipo.

Wataalamu wenyewe hawakulipata jambo hili kwa siku moja. Georg Ohm alipotoa sheria yake mwaka 1827 alifuata mfano wa mwendo wa joto katika vyuma, kama ulivyoelezwa na Fourier, na chaji alizozifikiri hazikupatana na sheria za umemetuli. Gustav Kirchhoff ndiye aliyezipatanisha sura hizo mbili mwaka 1849. Kwa hiyo jina umemetuli, lililo zuri kwa kitana na karatasi, lahitaji kuongezewa habari: juu ya uso wa kila waya wenye mkondo thabiti kuna mgawanyo wa chaji usiobadilika, nao ndio mtawala wa mwendo ulio ndani. Kitenzi kulundikana hakimo katika sura ya mkondo ya vitabu vingi. Kingetiwa, sura nusu ingefahamika.

Kitenzi kingine cha kuogopwa ni kukimbia. Husemwa kwamba umeme unakimbia kwa kasi ya nuru, na kwa kuwa taa huwaka mara tu swichi ibonyezwapo, usemi huo hauna mpinzani. Lakini nini kinachokimbia? Katika waya wa shaba wenye eneo la milimita 1 ya mraba, mkondo wa ampea 1 huzipeleka elektroni, kwa wastani, kiasi cha 0.07 ya milimita kwa sekunde. Hizo ni sentimita 26 kwa saa. Mita moja yataka karibu saa 4. Konokono atazipita bila taabu. Kinachokwenda kasi iliyo karibu na ile ya nuru, kilometa 300,000 kwa sekunde, ni badiliko la uga, ile amri ya kuanza mwendo. Na nishati nayo, kama alivyoonyesha John Henry Poynting mwaka 1884, hupita katika uga ulio nje ya waya, haibebwi mgongoni na elektroni. Basi katika sentensi moja, umeme unakimbia, kuna vitu vitatu vyenye mwendo mbalimbali, na lugha imevifunga katika furushi moja.

Neno chaji lina hadithi yake, nami naliona kuwa gumu kuliko mengine, kwa sababu limeingia katika Kiswahili mara mbili. Limeingia kwa mlango wa kitabu cha fizikia, likiwa na maana ya ile sifa ya elektroni na protoni. Limeingia pia kwa mlango wa duka la simu: simu haina chaji, nimeiacha kwa fundi ipate chaji. Chaji ya dukani ni nishati. Betri ya simu iliyojaa na iliyokwisha zina chaji za kitabuni sawasawa. Kilichotofautiana ni mpango wa kemikali zilizo ndani. Mwalimu anaposema chaji haiumbwi wala haipotei, mtoto aliyeiona chaji ya simu ikipotea kila jioni ana haki ya kutomsadiki. Yawezekana kulitafutia la kitabuni neno jingine. Shehena lina mvuto, maana mataifa mengine nayo yalitumia neno la mzigo. Hata hivyo shehena hupakiwa na kupakuliwa, na jahazi hubaki jahazi. Elektroni haiwezi kushusha chaji yake bandarini. Naona heri chaji libaki, mwalimu akitenga maana zake mbili waziwazi siku ya kwanza, kuliko kuleta neno lenye picha mbaya zaidi.

Ushauri wangu kwa waandishi wa vitabu ni mdogo. Katika sentensi ya elimu, neno umeme lisipewe kazi ya kutenda. Chaji ziachiwe kupita, kusogea na kulundikana. Nishati ihamishwe, igeuke, itumike. Mkondo, kwa kuwa ni kadiri ya chaji zipitazo kwa sekunde, upimwe, uongezeke au upungue. Hata kusema mkondo unapita ni kama kusema mwendo unakwenda, ijapokuwa mazoea hayo ni ya zamani na sitegemei kuyaona yakiondoka. Benjamin Franklin alipozipa chaji alama za chanya na hasi mwaka 1747 alikisia tu, na J. J. Thomson alipoithibitisha elektroni mwaka 1897 ilionekana kwamba katika nyaya zetu chaji huenda kinyume cha mshale wa vitabu. Mshale haukugeuzwa. Mazoea mengine hustahimiliwa, mradi yatajwe.

Lipo shimo moja ambalo ushauri huo haulifukii. Yote niliyoyasema juu ya kupita yanahusu mkondo thabiti wa betri. Katika nyumba za Afrika Mashariki mkondo ni geu, nao hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Elektroni za waya ule ule wa milimita moja ya mraba, kwa ampea ile ile, husogea chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, kisha hurudi. Hazipiti. Elektroni zilizo katika waya wa jikoni hazikutoka Kidatu, wala hazitakwenda huko. Basi tutumie kitenzi gani? Kutikisika ni kwa kitu kinachotikiswa bila mpango, na mwendo huu una mpango mno. Kuchezacheza ni neno la utani. Kupwa na kujaa ni maneno mazuri ya mwendo wa kwenda na kurudi, na wavuvi wa mlangoni mwa kisiwa huona mkondo ukigeuka kila maji yanapogeuka. Ila kujaa kwaleta tena picha ya chombo kilichokuwa kitupu, ambayo tumekuwa tukiifukuza tangu mwanzo. Kuwayawaya ndiko kuliko karibu kuliko vyote nilivyovipima: kwataja mwendo wa huku na huku, bila kuhama, bila kuisha. Kina walakini wa kusemwa pia juu ya mtu aliyekosa pa kutua, lakini hilo naliona dogo, nami ningependa kuwasikia walimu wa fizikia waliokwisha kukijaribu darasani.